Nusu Kiazi

Zaandam, upepo ukivuma kutoka viwandani,
mji mzima hunukia kakao,
hata nguo kwenye kamba, hata mvua.
Mwanangu Jurre kazaliwa ndani ya harufu hiyo.
Ana miaka tisa, na viatu vyake
hupasuka ubavuni kabla soli haijalika.

Muuguzi wa shule aligeuza kompyuta nione:
mistari iliyopinda kama mifereji kwenye ramani,
na juu ya mstari wa mwisho, peke yake, nukta.
Nukta hiyo ni mwanangu.
Akalitamka neno *kiribatumbo*
polepole, kama mtu anayetua glasi juu ya meza ya kioo.
Nikamwuliza: basi nimshindishe njaa?
Na neno njaa, liliponitoka,
lilikuwa na sauti ya mama yangu.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, husemwa.
Mimi nimelea wawili,
chungu kimoja, mwiko mmoja.
Teun hula kama moto ulao nyasi kavu
na mbavu zake bado zinahesabika.
Jurre akinusa mkate tu, suruali yambana.
Nani hapo kalelewa vibaya?

Mama yangu, Neeltje, alizaliwa Juni, arobaini na tano.
Baridi ya mwaka ule ilimkuta tumboni.
Bibi alichemsha vitunguu vya tulipu,
akavitoa kwanza kile kiini cha njano, kina sumu;
akakwangua viazi sukari mpaka vidole vikachubuka;
akabadilisha pete ya ndoa kwa ndoo ya ngano.
Na yule aliyekuwa gizani, hajapewa jina,
alijifunza jambo moja kabla ya kujua kulia:
shika. Usiachie. Kesho hakuna.

Je, mwili husahau?
Muuguzi alisema vinasaba si hukumu, ni kama upepo:
huuchagui, lakini miguu ya kukanyaga pedeli ni yako.
Maneno mazuri.
Nilitamani kumrushia kiti.

Lakini usiku nilihesabu.
Mashine ya soda pale bwawa la kuogelea.
Lifti, na sisi twakaa ghorofa ya pili.
Ile tableti inayong'aa chini ya blanketi saa tano usiku.
Mfuko wa biskuti zilizovunjika
anaouleta Harmen kila Ijumaa kutoka zamu, bure,
na kitu cha bure nani hukihesabu?
Kisha sheria ya meza yetu, kubwa kuliko zote:
sahani irudi nyeupe.
Hiyo haikupita kwenye damu.
Ilipita kwenye uma,
kwa bibi, kwa mama, kwangu,
na mimi niliitia mdomoni mwa Jurre
kijiko baada ya kijiko, nikiita mapenzi.

Jumapili mama alikuja.
Nilikuwa nimewaambia watoto: ukishiba, acha.
Sikuwa nimemwambia yeye.
Jurre akala, akapunguza mwendo,
akaitazama sahani kama anayesikiliza mlango,
akaweka uma chini.
"Nimeshiba."

Nusu kiazi. Mchuzi umetuama shimoni mwake.

Teun akaacha kutafuna.
Mkono wa mama uliinuka, ule wenye mishipa ya buluu,
ukavuka kitambaa cha meza, ukafika ukingo wa sahani,
na mimi nikafunga macho
kwa sababu niliijua sentensi inayofuata.

Haikuja.
Nilipofumbua, mkono ulikuwa kichwani mwa Jurre,
umekaa tu, haujui la kufanya.

Baadaye nilimkuta jikoni.
Alikifunika kile kiazi kwa kisosi,
akakiweka kwenye friji, nyuma ya maziwa,
taratibu, kama anayemlaza mtoto.
Hakunitazama. "Huwezi kujua," alisema.

Jumanne Jurre alipanda ngazi, akanung'unika mpaka mlangoni.
Kiazi bado kilikuwapo.
Sikukitupa.